Muulize Bi Mapokezi: Ufunguo wa stoo unalala kwa nani?

Mwezi huu barua nyingi zinauliza jambo moja. Mtu anapita mjini kwa saa chache, chumba amekirudisha au hakuchukua kabisa, safari ya mbele haijafika, na begi liko mkononi. Mimi nilikaa mapokezi ya gesti Kariakoo mpaka nikastaafu, na chini ya ngazi yetu palikuwa na stoo ambayo kila siku ya Mungu ilijaa mabegi ya watu. Najibu kwa mazoea ya kazi hiyo. Barua nimezifupisha.

Tunashuka Mbezi alfajiri, ndege ni usiku

*Shikamoo Bi Mapokezi. Tunatoka Mbeya na basi la usiku, mimi, mama mkwe na watoto wawili, tunamfuata baba watoto Muscat. Tutafika stendi ya Magufuli alfajiri na ndege ni usiku wa siku hiyohiyo. Tuna mabegi matatu makubwa, na mama mkwe hasikii la mtu, amebeba na kiroba cha mchele wa Kyela. Wenyeji wanasema mizigo tuiache ofisi ya basi palepale stendi, bure, tuwatembeze watoto mjini, jioni tuipitie. Ni salama? Mama Wawili, Mbeya.*

Marahaba mwanangu, na mama mkwe mfikishie shikamoo yangu. Habari ya usalama nitaifikia, ila kwanza tuangalie njia. Stendi ya Magufuli iko Mbezi Luis, pembeni kabisa ya jiji, barabara ya Morogoro. Uwanja wa ndege uko barabara ya Nyerere. Ukiacha mzigo Mbezi, jioni itabidi utoke Posta urudi mpaka Mbezi, upakie, kisha ukatize jiji upya kwenda uwanjani, na saa hizo Dar nzima iko barabarani inarudi nyumbani. Nimeshuhudia watu wakikosa ndege kwa mpango wa namna hii na mabegi yao yakiwa salama salimini.

Kwa hiyo mzigo uweke upande utakaotokea. Mbezi chukueni gari moja kubwa liwalete nyote Kariakoo asubuhi hiyohiyo kabla jiji halijaamka vizuri. Mwendokasi usahau. Ya saa moja asubuhi kutoka Kimara mtu anapanda na pochi tu na bado vifungo vya shati vinakatika, sembuse kiroba cha mchele na bibi.

Mkifika, chukueni chumba cha mchana. Gesti nyingi za Kariakoo na Gerezani zina bei ya kutwa, chini ya bei ya kulala. Wengine wanakiita shoti taimu na wanakitumia kwa shughuli zao, basi watu wa heshima wanaona haya kukiuliza. Usione haya. Mpokezi akikuona na watoto wawili na mama mkwe mwenye kiroba hatafikiria lolote. Kwa pesa hiyo watoto wanaoga, bibi ananyoosha mgongo, na ufunguo unakaa kwenye pochi yako. Kabla hujalipa uliza kutwa yao inakwisha saa ngapi, maana kuna wanaokutoa saa kumi na kuna wanaokuacha mpaka saa mbili usiku. Watoto wapeleke Makumbusho ya Taifa wakaone habari za Zinjanthropus aliyepatikana Olduvai mwaka 1959, kisha mshuke Feri wakaone samaki wakipigwa mnada. Vyote viko karibu.

Sasa ofisi ya basi. Wale hawana nia mbaya. Wanakuwekea kwa hisani kwa sababu umepanda gari lao. Lakini nenda kaangalie ile ofisi ilivyo: chumba kidogo, na sakafuni pamejaa vifurushi vinavyosubiri kupakiwa kwenda mikoani. Begi lako limesimama katikati yao bila karatasi yoyote. Jioni anakuja kijana wa kupakia, ana haraka, anaambiwa "beba vyote." Begi linaweza kurudi Mbeya wewe ukiwa bado unawanunulia watoto aiskrimu. Ukilazimika kuacha hapo, omba waliandike kama wanavyoandika kifurushi, na ubavuni waandike kwa maka peni kubwa: LINASUBIRI MWENYEWE.

Niseme na hili, kwa sababu barua karibu zote zina hofu ya wezi. Katika miaka yangu yote ya kaunta, wezi wa stoo nawakumbuka wachache. Kilichowaliza wageni wetu ni ufunguo. Stoo yetu ilikuwa na kufuli moja na ufunguo mmoja, na ulikuwa kwa kijana wa usafi aliyekaa Chanika. Usiku mmoja alifunga, akautia mfukoni kwa mazoea, akaenda zake. Saa kumi alfajiri anashuka mgeni wa Masasi, basi lake linaondoka saa kumi na moja na nusu, begi liko ndani. Simu ya kijana imezimwa. Tulipiga, tukapiga. Mwisho mlinzi akaleta nyundo. Pigo la kwanza likakosa kufuli likapata mlango, na nyumba nzima ikaamka ikidhani tumevamiwa. Mgeni aliwahi basi lake kwa kukimbia, kandambili moja ikabaki kwenye korido.

Tangu hapo mtu akiniuliza pa kuacha begi namwambia swali la kwanza liwe hili: mkishafunga, ufunguo unalala kwa nani? Akikujibu bila kufikiri, "unabaki hapa kaunta, kwenye droo hii," acha begi. Akianza kuangalia dari, beba mzigo wako uende mlango wa pili.

Wanakikoba tunavuka Zanzibar kwa siku moja

*Shikamoo mama. Kikundi chetu cha kikoba tunatoka Morogoro na treni ya SGR, tunalala Dar, asubuhi tunavuka Zanzibar na boti ya saa moja, tunarudi na boti ya alasiri, tunalala tena Dar, kesho yake tunarudi Morogoro. Kila mtu ana begi la siku tatu. Zanzibar tuyaache wapi? Katibu, Morogoro.*

Marahaba katibu. Yaacheni Dar. Mnavuka asubuhi mnarudi jioni, begi la siku tatu linafuata nini Unguja? Chukueni gesti moja kwa usiku zote mbili, na siku mnapopiga simu kuagiza vyumba mseme wazi kwamba siku ya katikati mtakuwa Zanzibar. Wengine watawaachia vyumba vyenu kama vilivyo kwa sababu mmelipa. Wengine watataka mtoe vitu wawauzie vyumba wageni wa mchana. Hao wanawaweka stoo, na hapo uliza habari za ufunguo.

Kila mmoja avuke na mkoba mmoja wa begani: kitambulisho (bila hicho hata tiketi ya boti ni maneno), dawa kama unatumia, khanga moja, maji, pesa. Kichefuchefu kikimpata mtu baharini, mkoba mdogo haumsumbui na jirani.

Najua wapo watakaobisha wabebe tu. Waambieni Mji Mkongwe haukujengwa kwa mabegi ya magurudumu. Gari haingii vichochoroni. Begi unaliburuza juu ya mawe kuanzia Malindi mpaka Shangani, kila kona kuna ngazi au baiskeli, na ukisimama kupumua papasi, wale vijana wanaodandia wageni, amekufikia, anakuuliza unakwenda wapi na begi lako tayari liko mkononi mwake. Mwenye mzigo wa kweli pale anatafuta hamali mwenye rikwama, wanapatana bei kabla gurudumu halijageuka, na anatembea naye bega kwa bega. Ninyi mnakwenda kuona Mkunazini, kula mishikaki na kupiga picha Forodhani. Hamali wa nini?

Na wakati wa kurudi, jambo moja nawaombeni kwa niaba ya wapokezi wote wa Dar. Mkinunua doriani, mlile hukohuko. Tulipata mgeni katoka Unguja, kaacha begi stoo, namuuliza kuna nini ananiambia nguo tu, akaenda zake Kigamboni kwa shemeji. Siku ya kwanza tukalaumu choo. Siku ya pili tukaita fundi bomba. Fundi akanusa mara moja, akacheka, akaelekeza kidole chini ya ngazi. Ndani ya begi mlikuwa na doriani mbili zilizofunikwa kwa fulana, na begi lilikuwa limelaliwa na suti ya bwana harusi mmoja wa Lindi. Tuliianika juu ya paa kutwa nzima. Bwana harusi aliivaa, maskini, na sijui bibi harusi alisemaje.

Dagaa nao vilevile. Hao hawanuki kwa kiasi hicho, ila panya wa Kariakoo hafungui zipu, anatoboa.

Saa nne asubuhi mpaka saa nne usiku, Nairobi

*Habari yako mama. Mimi ni wa Mombasa, nimekuja Nairobi kwa shughuli. Chumba chatakiwa nitoke saa nne asubuhi, na nimekata treni ya usiku ya saa nne. Rafiki yangu aniambia begi niliache kaunta ya supamaketi, napewa kinamba, nalipitia jioni. Yafaa? Msafiri, Mombasa.*

Njema sana mwanangu. Haifai, na nadhani mwenyewe unajua ndiyo maana umeuliza. Kaunta ile ipo ili usiingie na begi ukatoka na sukari. Wanakutegemea saa moja, mbili hivi. Ukienda kuzunguka Nairobi kutwa, kijana aliyekupa kinamba atakuwa amemaliza zamu, mwenziwe anaona begi halina mwenyewe tangu asubuhi, na mjini hapo begi lisilo na mwenyewe linaita walinzi. Kisha usome kibao kilicho juu ya kaunta: simu, pesa na kompyuta usiache. Ukitoa hivyo vyote utakuwa umeacha soksi.

Liache palepale ulipolala. Kwa mgeni aliyelipa chumba hilo ni jambo la kawaida karibu popote, Nairobi, Dar, Dubai kule Deira wanakolala wafanyabiashara wetu. Anayetaka kukulipisha kidogo mlipe, upate na karatasi. Sisi tulikuwa tunatoza elfu moja kwa begi, na nitakwambia kwa nini ile elfu moja ilikuwa na faida kwa mgeni: bosi alitaka hesabu yake jioni, kwa hiyo kila begi lililolipiwa liliandikwa kwenye kaunta buku. Yale ya bure ndiyo tulikuwa tunayasahau.

Kinachomsumbua mtu wa safari yako ni zamu. Atakayepokea begi saa nne asubuhi si atakayekukabidhi saa moja jioni. Yule wa asubuhi anakujua, mmeongea, umemsifia chai. Wa jioni hakujui kabisa, na akiwa mpokezi mzuri hatakupa begi kwa maneno matupu. Kwa hiyo asubuhi, kabla hujatoka, mwambie aandike mbele yako: jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya simu, mabegi mangapi na rangi gani, utachukua saa ngapi, na jina lake yeye. Piga picha ule ukurasa. Piga na begi lenyewe likiwa pale lilipowekwa. Jioni unafika na picha mbili na kitambulisho, hamna wa kubishana naye.

Halafu usichelewe. Treni haiondokei mjini, inaondokea Syokimau, na ukifika pale kuna ukaguzi: mabegi mnayapanga chini kwa mstari, mnasimama mbali, mbwa anapita akinusa, ndipo mwende kwenye mashine. Foleni ya barabara ya Mombasa jioni wewe waijua. Ipo treni ya abiria kutoka stesheni ya zamani ya katikati ya mji inayowapeleka watu Syokimau kuwahi hizi za SGR. Hiyo haikai kwenye foleni. Begi lichukue mapema, mle chakula cha jioni wewe nalo.

Kufuli la namba au nailoni?

*Bi Mapokezi, begi la kuacha stoo nilifunge kufuli la namba au nilizungushie nailoni kama za uwanja wa ndege? R., Tanga.*

Kufuli dogo latosha. Linazuia mkono wa mpitaji, mwizi halimzuii. Nailoni inafanya begi lako lifanane na mabegi mengine yote yenye nailoni. Wewe chana utepe wa khanga kuukuu, funga kwenye mpini. Usichague utepe mwekundu, nusu ya Tanzania wamefunga mwekundu. Tuliwahi kumpa mtu wa Lindi begi jeusi la mtu wa Kilosa, yote mawili ya magurudumu manne na utepe mwekundu. Yule wa Lindi kafungua usiku kakuta gauni la kitchen pati. Basi la kesho yake ndilo lililolirudisha.

Nafika Hamburg asubuhi, chumba napewa alasiri

*Shikamoo mama. Nimepata nafasi ya kusoma Ujerumani. Napita Istanbul, nakaa pale saa nyingi kabla ya ndege ya Hamburg. Hofu yangu ya kwanza ni mabegi mawili makubwa pale Istanbul. Ya pili, nitafika Hamburg asubuhi na ufunguo wa bweni unatolewa alasiri. Sina ndugu wala rafiki. D., Dar es Salaam.*

Marahaba, na hongera sana. Bahati yako nina mpwa wangu Hamburg, nimempigia simu kabla ya kukuandikia.

Istanbul usihangaike kama tiketi yako ni moja. Pale kaunta ya Dar, yule dada anapofunga karatasi ndefu kwenye mpini wa begi, inama usome herufi tatu kubwa. HAM ni Hamburg. Ukiona HAM, hilo begi utalikuta Hamburg, Istanbul unashuka na mkoba wako. Ukiona IST, begi litaishia Istanbul, basi uliza hapohapo kabla halijaingia ndani, usingoje kuuliza ukiwa angani. Waliokata tiketi mbili mbalimbali ili kupunguza gharama ndio hupatwa na hilo: inabidi watoke, wachukue mabegi, wajipange upya, na kutoka kunataka ruhusa ya kuingia nchi ya watu. Pawabenki yako iwe kwenye mkoba wa mkononi. Kwenye begi la chini hairuhusiwi, na wakiiona watakuita ulifungue mbele ya watu. Na kile kipande cha karatasi hiyo wanachokubandikia kwenye pasi ya kupandia, kitunze. Ndiyo risiti yako.

Hamburg sasa. Wajerumani wana makabati ya kufunga kwenye vituo vyao vikubwa vya treni, na kituo kikuu cha Hamburg, wao wanakiita Hauptbahnhof, kinayo. Unafungua kabati lililo wazi, unatia begi, unalipa, unaondoka na ufunguo au karatasi yenye namba. Mpwa wangu amenitajia mambo matatu ya kuangalia. Makabati yana ukubwa tofauti, na begi la kilo 23 lililotuna haliingii kwenye yale madogo, kwa hiyo yafuate makubwa, na asubuhi ndiyo yanapatikana. Beba sarafu za yuro, si kila kabati linakubali kadi wala noti. Na usiyafanye nyumba: mwisho ni saa 72, ukipitisha wanafungua wenyewe na mzigo unaufuata kwenye ofisi ya vitu vilivyopotea, kwa kulipa. Wewe unahitaji saa chache tu.

Namba ya kabati ipige picha, na upige picha ya pili ukiwa umerudi nyuma hatua kadhaa, ionekane korido na duka lililo jirani. Kituo kile kina milango mingi, na mtu aliyekesha kwenye ndege anaiona yote sawa. Pasi, barua ya chuo, karatasi za bima na pesa havikai kabatini hata dakika moja. Ukienda kuchukua ufunguo wa bweni watavitaka hivyohivyo.

Makabati yakiwa yamejaa, kuna kampuni zinazopanga na maduka madogo ya mtaani yakuwekee begi, unalipia kwenye simu: Bounce, Radical Storage, Stasher. Duka linaweza kuwa la kinyozi au la muuza kahawa. Angalia saa ya kufunga. Kule mtu akisema anafunga saa kumi na mbili, saa kumi na mbili na dakika moja taa zimezimwa, na hilo shauri lako halina wa kumlilia.

Usidhani kila mji wa Ulaya una makabati. London vituo vikubwa, mfano King's Cross, unalikabidhi begi kwa mtu kaunta, linapita kwenye mashine ya ukaguzi, unalipa kwa kila begi. Mpwa wangu hampendi huyo mtu wa kaunta. Mimi, kwa kazi niliyofanya, nampenda zaidi kuliko kabati.

Nina duka, watu wananiachia mabegi

*Shikamoo bimkubwa. Nina duka la vifaa vya simu Kariakoo, si mbali na stesheni ya SGR. Tangu treni zianze, kila siku watu wananiomba niwashikie begi saa mbili tatu wakanunue vitu. Nimekuwa nafanya bure. Sasa yamekuwa mengi, nataka nitoze. Nifanyeje nisijiingize matatani? Mfanyabiashara, Kariakoo.*

Marahaba. Barua yako nimeifurahia kuliko zote, kwa sababu treni zile zimeanza mwaka 2024 na abiria anashuka katikati ya jiji akiwa na begi na saa tatu mkononi, na wa kumsaidia ni watu kama wewe. Wenzio Ulaya, kama nilivyomwambia huyo mwanafunzi, wanafanya kazi hiyohiyo na vinyozi wao.

Ukishapokea begi la mtu, hata bure, jua sheria inakutazama. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka anayeshika mali ya mwenziwe aitunze kama mtu wa busara ya kawaida anavyotunza mali yake ya aina hiyo. Kama simu zako unazifungia kabatini na begi la mgeni umeliacha barazani kwenye kiti cha plastiki, likiibiwa utapata tabu kujieleza. Kubandika karatasi ya "hatuhusiki na upotevu" ubandike ukitaka, ila usiitegemee. Na leseni yako ya biashara ni ya vifaa vya simu. Kabla hujaanza kutoza, pita ofisi ya biashara ya manispaa uwaulize kazi hii inaingia wapi. Ni afadhali uwafuate wewe kuliko wakufuate wao.

Hatari kubwa kwako si begi kupotea. Ni begi usilojua lina nini. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: linafunguliwa mbele yako. Si upekue nguo za ndani za watu. Mwenyewe afungue zipu, ainue nguo, wewe utazame, afunge. Asiyetaka mwambie kwa heshima duka limejaa. Sisi kuna bwana mmoja alitoa maneno makali kweli, kwamba tunamdhalilisha, akachukua begi lake akaondoka. Mimi nilimwombea safari njema na nikalala usingizi wangu vizuri. Vya kukataa moja kwa moja: pesa, dhahabu, chakula, chochote kinachovuja, mitungi, na begi la mtu anayesema "si langu, nimepewa nimshikie fulani." La fulani alete fulani.

Nunua kaunta buku na vile vitabu vya risiti vyenye namba mbilimbili. Nusu unaibandika kwenye begi kwa tepu, nusu anaondoka nayo. Kwenye buku anaandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, jina, simu, mabegi mangapi, saa ya kurudi, anasaini. Nasema aandike yeye kwa sababu siku akirudi na hadithi nyingine unamwonyesha mwandiko wake. Akipoteza nusu yake, hupati shida: kitambulisho, saini nyingine chini ya ile ya kwanza, na akutajie vitu vitatu vilivyo ndani kabla hujalitoa.

Bei weka moja kwa begi kwa kutwa, uiandike ukutani kwa maandishi makubwa. Ukianza kupatana na kila mtu utapoteza muda wa kuuza chaja.

Kulala usikubali, hata kama anakulilia. Wewe huna mlinzi wa usiku wa mizigo, na begi lililolala ndilo linalozaa maneno. Asiporudi mpaka saa ya kufunga mpigie, na buku lina namba yake. Asipopokea, lifungie ndani, mwandikie ujumbe kwamba limefungiwa na utafungua kesho saa ngapi, basi. Saa yako ya kufunga mwambie kila mtu kwa mdomo wakati wa kupokea, maana wa Dodoma hajui kwamba Ijumaa unafunga kwenda msikitini.

Na ufunguo wa pili wa duka, kama huna, kachonge leo. Uwe kwa mkeo au kwa jirani unayemwamini, na jina lake na simu yake viwe kwenye jalada la lile buku. Siku ukishikwa na homa ukiwa Mbagala na watu watano wana treni ya jioni, utanikumbuka.